Karani wa Orofa ya Tatu

Ubao wa kwanza nje ya chumba chetu ulikuwa na pumu.
Wa nne, mbele ya choo, ulilia kama mlango wa banda la kuku.
Ule wa karibu na jiko tuliuita Karani,
kwa kuwa hapiti mtu usiku asiandikwe.

Miaka sita naendesha basi la alfajiri hapa Dundee,
miaka sita naamka saa kumi na robo, viatu mkononi,
navuka ukumbi wangu mwenyewe kama mwizi:
ukingoni, ukingoni, ruka,
kisha kwiii, na kutoka chini
mpini wa ufagio kwenye dari yake: ko, ko.
Bi Isobel Geddes. Miaka themanini na mmoja, masikio ya popo.
"Mnacheza ngoma gani huko juu saa kumi?"
aliniuliza ngazini.
Chai, nikamjibu. Nacheza chai.

Saumu akasema: usipoziba ufa.
Nikamwambia huu si ufa, ni msumari.
Akasema: basi usipokaza msumari utajenga uadui.

Jumamosi tukakunja zulia.
Nililala kifudifudi, sikio chini, chaki mkononi,
na Shemsa, kilo kumi na tisa, akawa jiwe la mizani.
Kanyaga. Rudi. Kanyaga tena hapo.
Nikasikia ubao ukishuka unywele mmoja
na msumari wa kale ukisugua tundu lake,
tundu lililopanuka kidogo kila majira ya baridi,
hita ikikausha mti, mvua ikiuvimbisha,
miaka mia na ushei.
Kumbe haulalamiki. Umechoka kushika,
kama mtu aliyeambiwa shika hapa, narudi,
na aliyemwambia hakurudi.

Mmoja niliung'oa mzima.
Kati ya boriti na boriti, majivu,
makavu, mengi, mkono ukazama hadi kiwiko:
mafundi wa zamani waliyamwaga humo yanyonye sauti,
walio juu wasiwaangukie walio chini.
Ndani yake pini ya nywele, nusu ganda la kome,
kifungo cha shati.
Vya nani? akauliza Shemsa.
Vya waliokanyaga.
Tukavirudisha. Naye, bila kuniuliza,
akaongeza kifungo cha koti lake la shule, cha kijani.

Kisha poda ya mtoto kwenye mianya,
nikaisugua kwa kitambaa mpaka ukumbi ukanukia uzazi.
Skrubu badala ya misumari,
fupi, maana chini mna mabomba
na sikutaka kumpelekea Bi Isobel mvua pia.
Kabari mbili nyembamba chini ya Karani.
Jioni yaliyolia yalikuwa magoti yangu.

Jumatatu, saa kumi na robo, nikavuka kwa wayo mzima.
Nikasimama katikati, nikaruka kidogo, nikajiona mjinga.
Kimya.
Jumanne, kimya.
Jumatano, siku yangu ya mapumziko,
ko, ko, na safari hii si darini. Mlangoni.

Koti juu ya gauni la kulalia,
ngazi zote bado zinamhema kifuani,
ufagio umekuwa mkongojo.
Akanitazama usoni, miguuni, usoni.
"Siku tatu," akasema. "Nilidhani umekufa, dereva."

Kimya kingi kina mshindo, tuliambiwa.
Hatukuambiwa kwamba mshindo wenyewe
hupanda ngazi kwa slipa.

Saumu akaweka chai. Bi Isobel akavuka ukumbi,
akasimama juu ya Karani, akampima kwa kisigino,
akakunja uso kama aliyeuziwa kitu kibovu.
"Duncan wangu naye alikuwa mtu wa saa kumi," akasema.
"Kiwanda cha magunia."
Akaomba sukari.

Siku hizi, kabla ya kuwasha jiko,
nagonga Karani kwa kisigino, mara mbili, taratibu.
Nasubiri.
Ko, ko, unajibu ufagio.
Ndipo naweka birika.