Zamu ya Usiku, Shanty Town

Saa nane. Manyunyu ya mwezi wa saba,
yale yasiyonyesha wala kuondoka,
yameng'ang'ania michongoma kama nguo iliyogoma kukauka.
Kibandani mna kiti kimoja, redio isiyo na betri,
rungu, tochi, daftari la wageni,
na mapajani mwangu kofia
ambayo kwa sasa ni duara la ukubwa wa kisoda.

Sweta nililinunua Kiboriloni, elfu mbili,
baada ya kulishusha kutoka elfu tatu na nusu
kwa maneno nisiyoweza kuyarudia mbele ya mtoto.
Rangi ya ndizi iliyoiva ikapitiliza. Kiwiko kimetoboka.
Lilitoka nchi inayoijua baridi kwa jina la ukoo.
Nililifumua jikoni, mkono baada ya mkono,
uzi ukatoka umejikunja, mbishi,
kila inchi ikikumbuka ilipokuwa bega.
Nikauosha, nikautundika msumarini,
nikaufungia jiwe chini, siku mbili,
mpaka ukasahau.

Kulabu ni njiti ya ile baiskeli yangu iliyogongwa Majengo.
Niliisugua sakafuni hadi ikaota kidomo.
Mama Ndekusa, aliyefuma vitambaa vya makochi
vya nusu ya usharika, alinitazama vidole akasema:
"Kileo, unaubana uzi kama mwizi uliyemkamata.
Legeza."

Mnyororo wa sita, unganisha.
Kumi na mbili.
Kumi na nane.
Honi getini. Mwenye nyumba, katoka harusini.
Nafungua, napiga saluti, nafunga, narudi:
nilikuwa ishirini na ngapi?
Nafumua. Uzi hauna kinyongo.

Haikaeli yuko KCMC, kitanda cha dirishani,
amemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi,
mgeni wetu aliyefika wiki saba kabla ya mwaliko.
Kilo moja na gramu mia sita.
Nimewahi kubeba sukari nyingi kuliko hiyo
na nikalalamika kwamba ni kidogo.
Nesi alimpima kichwa kwa kipande cha bandeji,
akakikata, akaniwekea kiganjani.
Ninacho mfukoni mwa shati, pamoja na funguo za watu.
Alisema: joto la hawa wadogo hutorokea kichwani.

Miaka tisa nalinda lango.
Nazuia kinachotaka kuingia.
Hakuna aliyewahi kuniajiri nizuie kinachotoka.

Waliniruhusu kumgusa utosi, kidole kimoja,
baada ya kunawa mara mbili.
Pale juu mfupa haujafika bado.
Kuna ngozi tu, na chini yake mtu anagonga,
taratibu, bila hofu,
kama anayejua kwamba mlinzi yuko macho.

Saa kumi na nusu. Mbwa wa jirani wamechoka kubweka.
Kofia imefika masikioni.
Naijaribu gotini: inakataa. Naivisha ngumi: inakaa.
Nailinganisha na bandeji: imezidi upana wa kidole.
Na duara la tano nimeruka tundu moja,
ukiangaza tochi kwa ndani mwanga unapenya.
Ningefumua.
Lakini Anderea kaja kunipokea, kajitanda mfuko wa mbolea,
anatazama kofia, anatazama rungu,
nasubiri acheke.
Anauliza kama uzi umebaki.
Mkewe anatarajia Septemba.

Nimemwachia ule mkono wa kushoto, haujafumuliwa,
na njiti.

Watu wa huku wakiona wingu juu ya mlima
husema mzee kavaa kofia yake.
Asubuhi hii sikuinua macho nione kama kavaa.
Niliendesha baiskeli ya kuazima, mkono mmoja kwenye usukani,
ile nyingine, ya rangi ya ndizi, ndani ya shati,
kifuani, upande wa kushoto,
ili ifike imeshapata joto.