Mnyororo wa Yadi Kumi

Simu ya kocha ilitangulia karatasi:
"Kijana anahitaji C tu, Profesa."
Tu. Neno dogo, mabega mapana.

Nebraska, theluji dirishani.
Mtihani wa Tavarius Pruitt unanuka dawa ya kuchua misuli.
La kwanza, kosa. La pili, kosa.
La tatu amelifuta hadi karatasi imetoboka.
La sita hakuandika kanuni:
amechora wachezaji, mishale,
na mpira ukipaa kwa digrii arobaini na moja.
Jibu ni hilo hilo. Njia haipo.

Thelathini na nane kwa mia.
Mkwaruzo mmoja tu, na tatu ni tano.

Akaja mwenyewe, barafu imefungwa gotini,
kiti kikamlalamikia.
"Bi Hallgren, uwanjani wanapima kwa mnyororo.
Nikipungukiwa inchi, nimepungukiwa.
Huku nimo kwenye mbeleko tangu darasa la saba.
Goti likikatika, mbeleko ni ya nani?"

Nikaiacha tatu ikae tatu.
Nikamsogezea penseli:
hii pembe, uliipataje?

Simu inalia tena.
Bado tuko swali la kwanza.