Ganda

Msitupe maganda, mama alisema,
na sisi midomo imejaa, vidole vimepakaa zambarau
hadi ndani ya kucha.
Sisi tulifuata vile vipande vyeupe vya mangostini,
laini kama shavu la mtoto aliyetoka kuoga.
Yeye, Lamyong binti wa muuza chokaa,
aliyataka maganda.
Aliyatunga kwenye uzi wa katani, akayaning'iniza juu ya jiko,
moshi ukayakausha yakawa magumu kama kwato.

Mwaka ule mvua ya Chanthaburi ilisahau kukoma.
Njia ya zahanati ilikuwa mto.
Kamphol, kitinda mimba wetu, alianza kuendesha adhuhuri;
usiku macho yakazama, midomo ikapasuka,
kisha akaacha kulia.
Huko kuacha kulia ndiko kulikomwinua mama.

Aligeuza kifuniko cha chungu, upande wa chini, ule wenye mikwaruzo,
akamimina maji ya chokaa yaliyotuama, yale ya juu, maangavu,
akashika ganda akasugua.
Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Chumba cha pili baba naye alisugua:
yakuti za watu, kwa gurudumu la kukanyaga,
vijiwe vyekundu visivyozidi punje ya mtama,
tajiri angevifuata Jumamosi.
Nami katikati, nimeshika taa,
sikio moja huku, moja kule,
nikiomba yeyote kati yao asinyamaze.

Rojo jekundujeusi likajikusanya. Kijiko kimoja.
Kamphol akakunja uso. Ukakasi ule
huuvuta ulimi kama mtu anayekaza mdomo wa gunia.
"Ndivyo litakavyofunga na tumbo," mama alisema.
Akarudia, safari hii hakuwa akimwambia Kamphol.

Halafu maji yaliyochemshwa, chumvi kidogo, sukari ya mnazi,
kijiko, akalala kidogo, kijiko,
hadi kulipopambazuka na mtoto akaomba wali.

Leo mimi ni mfamasia.
Watu wananiuliza: ni ganda lililomponya?
Nawajibu kweli, sijui.
Huenda ni yale maji ya chumvi.
Huenda tumbo lilichoka lenyewe.
Akiletwa mtoto wa namna ile dirishani pangu
nampa pakiti za chumvi na sukari, namwambia mzazi
kimbia hospitali, usingoje asubuhi.
Sisi tulingoja.
Kisha nafunga dirisha, na najiona msaliti,
kidogo tu, kama kipimo cha kijiko.

Mangostini haidanganyi. Igeuze,
hesabu petali za lile ua lililokauka kitakoni:
tano nje, vipande vitano ndani.
Tulihesabu kila tunda kabla ya kulipasua, tukawekeana dau,
na aliyekosea aliosha vyombo.
Nyumbani tulikuwa watano.
Hatukuwahi kujihesabu.

Baba alitangulia, mapafu yamejaa vumbi la mali ya watu.
Dada Wilai aliolewa ng'ambo; simu zikawa za sikukuu,
kisha za misiba.
Mama, mwezi wa pili uliopita.

Tulirudi kugawana vyombo. Kifuniko cha chungu nilikichukua mimi,
hakuna aliyenibishia.
Blauzi yake ya kazi ilikuwa na doa la zambarau kwenye mkono,
doa ambalo sabuni zote za dunia zimelishindwa;
niliikunja, nikaikunjua, nikaikunja.

Juu ya jiko uzi bado upo, na ganda moja, jeusi tii.
Kamphol, jitu la kilo tisini sasa, lina ndevu,
alinyanyua mkono akalitoa bila hata kupanda kigoda.
Nilidhani atalitupa.
Alilifuta kwa shati, akalilamba,
na uso wake ukakunjika vilevile, miaka sita kamili.

"Bado," alisema.

Hakusema bado nini.