Saba Iliyokatika Mguu

Kirinyaga Road, saa nne asubuhi.
Gari limewekwa juu ya mawe nyuma ya duka la Gurdip,
Datsun nyekundu, au iliyokuwa nyekundu,
milango imening'inia kama masikio ya ng'ombe aliyechoka.

Mteja yuko ng'ambo. Amelipa nusu.
Anataka neno moja tu kwangu: ndilo.
Ndilo lililokimbia Pasaka ile ya mvua,
likazama Taita, likavutwa kwa kamba za katani,
likaingia Nairobi bila kioo cha mbele,
dereva na meno yake yote yamejaa tope.

Mimi siamini rangi. Rangi hupakwa.
Mimi hupiga magoti penye ukuta wa injini,
msasa, mafuta ya taa, mswaki mkuukuu,
nikasugua hadi kutu iteme tarakimu
mojamoja,
kama mtoto anayebanwa amtaje aliyemtuma.

Nimewahi kufuata nambari hadi Kitengela, nikakuta banda la kuku.
Hii nilianzia Jericho, kwa Perpetua Shiundu,
mjane wa msoma ramani. Alinifungulia daftari
lililolowa likakauka: kulia kali, daraja, ng'ombe, ng'ombe tena,
na kwenye jalada, kwa penseli, nambari ya chesisi.
Tarakimu ya mwisho imeliwa na mende.

Leo zote zipo.
Tatu. Sufuri. Moja. Nane.
Halafu saba.

Saba haina mguu. Imekatika chini, imeegemea kushoto.

Naijua.
Ilikuwa kwenye sufuria zetu kule Makongeni
zisipotelee matangani. Kwenye kufuli. Kwenye jembe.
Baba aliweka mihuri yake ya chuma katika kopo la Kimbo;
saba ilimponyoka ikagonga sakafu kabla sijazaliwa,
na hakununua nyingine. "Si inasomeka?" alisema.

Namwaga tone la tindikali. Nangoja.
Chini ya saba kinainuka kivuli cha nne,
kimekunjamana, kinaona haya kama mimi.
Chuma hakisahau nyundo.

Mwaka gani, Baba? Kwa ajili ya nani?
Nakumbuka karo ya muhula wa pili
iliyolipwa yote mara moja, noti hazina hata mkunjo,
na Mama hakuuliza, akaenda kuanika nguo
zilizokuwa tayari zimekauka.

Kwenye mkoba nina githeri, na kijiko changu cha bweni,
nambari mia moja sabini na saba.
Nakilaza kando ya chuma.
Saba tatu, tumbo moja, zote zinachechemea.

Fomu iko gotini. Asili ya nambari: nukta, nukta, nukta.
Kalamu inaandika "imegongwa upya," inasimama.
Gurdip anachungulia na vikombe viwili vya chai.
"Vipi, Nyambura, ndilo?"

Nafuta kijiko kwa pindo la koti.
Ngoja, namwambia. Ngoja nile kwanza.