Watu, Ufukweni

Nililipwa shilingi mia kwa kila picha.
Elfu tatu na ushei, makasha ya studio iliyofungwa Makoroboi,
na mimi kwenye kiti cha plastiki, Barabara ya Stesheni,
feni ikizunguka umeme ukipenda,
naandika chini ya kila moja kilichoonekana:
“Mwanamume na baiskeli mpya, Igogo.”
“Mizani ya pamba. Karani amefumba macho.”
“Harusi. Bwana harusi mfupi kuliko bibi.”
(Hilo walilifuta.)

Sasa mashine imefundishwa Kiswahili.
Haidai neno kamili. Ukisema chombo cha kuvukia
inakuletea kivuko; ukisema dagaa juani
inakuletea turubai, mawe, hata paka niliyemtaja kwa bahati.
Inajua kucheka na kutabasamu ni tumbo moja.

Leo kaja Bwana Bahitwa, kutoka Ukara.
Hakutaka kugusa vitufe. Niandike anavyosema:
Dada yangu. Kashika ndoo ya bati, gauni la shule,
anageuka kama kaitwa. Nyuma yake meli inapakia.
Alikuwa na mwanya.

Nikaandika hivyo hivyo, na mwanya.
Ikaleta ndoo sita.
Ikaleta meli. Ikaleta wanafunzi wa Bwiru wamejipanga.
Akazitazama zote kwa adabu,
kama mgeni aliyekaribishwa chakula ashakula.
Akashukuru, akaacha namba ya simu.

Sikumwambia.
Mashine haina jicho, bwana.
Inasoma nilichoandika mimi,
na ipo Ijumaa moja nilikuwa na homa, nauli imeisha,
picha arobaini nikazipa jina moja:
“Watu, ufukweni.”

Saa kumi imepita, mlinzi anatikisa funguo.
Nazifungua moja moja.
Huyu ana kiatu kimoja. Huyu amebeba redio kama mtoto.
Hawa wawili wamenuniana tangu kabla sijazaliwa.

Ya thelathini na moja.
Sijui kama ndiye. Ndoo huenda ni ya bati,
picha isiyo na rangi haikiri.
Na mdomo ameufumba;
mwanya, kama upo, amekwenda nao.

Namba ya Bahitwa haipatikani.
Nafuta maneno mawili, naandika:
“Binti, miaka kumi hivi. Ndoo mkononi. Meli inapakia.
Anageuka.
Aliyemwita hayumo pichani.”