Kufuli la Bugarika

Bibi Koburungo hakusema kamwe "tulifukuzwa."
Alisema: waling'oa figa moja,
chungu kikamwagika chenyewe.

Ilikuwa Kanyigo, enzi za nyarubanja.
Migomba aliipanda baba yake, samadi aliibeba mama yake,
lakini mkungu wa kwanza ulikwenda kwa mtwazi,
na kibuyu cha rubisi, na debe la kahawa,
na siku za kulima ambazo hakuna aliyezihesabu.
Mwaka waliposhindwa debe
karani alikuja na watu wanne, wakapanda juu ya paa,
wakavuta nyasi konzi kwa konzi,
mvua ikiwa tayari ziwani, imekaa, inatazama.

Yaliyofuata yana wasimulizi wengi.
Mjomba Rwekaza: wanaume arobaini walifunga njia kwa mikuki.
Shangazi: arobaini wapi, saba,
na mikuki haikuwapo, palikuwa na mundu mmoja, tena butu.
Bibi: hakuna aliyefunga kitu.
Usiku tu, wanawake waling'oa miramura ya mpakani,
mmoja mmoja, wakaipanda upya
hatua tatu ndani ya shamba la mtwazi,
na usiku wa pili hatua tatu tena,
hata karani akapima, akarudia kupima,
akadhani kamba yake imelogwa.
Na mtwazi alipofiwa na mama yake
kijiji kizima kikaumwa mgongo.

Hapo Bibi hunyamaza. Kisha:
"Kaburi alichimba mwenyewe. Tulilisikia jembe.
Halikuwa tamu kulisikia."

Leo niko Bugarika, mlimani, kati ya mawe,
mwenye nyumba: vyumba sita, bati jipya, choo kimoja.
Chumba cha nne anakaa Mindi, mchuuzi wa dagaa.
Miezi mitatu hajalipa;
dagaa hawakauki kwa mvua hii, anasema, kila mwezi anasema.
Nimenunua kufuli pale Makoroboi, elfu nane,
nimepanda ngazi za mawe nikilihesabu deni.

Mlango uko wazi. Ndani, jiko la mkaa,
sufuria imekaa juu ya meno yake matatu.
"Karibu, baba mwenye nyumba,"
na anafuta kigoda kwa upindo wa khanga.

Kufuli mfukoni lina baridi ya jembe.
Nje, wapangaji wengine wamenyamaza ghafla,
wote,
kama watu wanaoanza kuumwa mgongo.