Sakafu Mbichi

Mimi ni fundi sakafu. Nkuhungu wananijua
kwa mwiko wangu na kwa matusi yangu.
Nimefukuza kuku, nimefukuza mbuzi,
nimemfukuza hata mchungaji aliyekuja kubariki nyumba
kabla saruji haijashika.
Leo nimelipa kiingilio
nikaone palipokanyagwa pabichi.

Hagai ndiye aliyeanza. Wiki nzima dinosaria, dinosaria,
uji ukimwagika, ni dinosaria.
Tukaazima kirikuu cha shemeji,
Dorika mbele na hotipoti mapajani,
watoto nyuma juu ya godoro,
vumbi la saruji likiwapaka weupe
hadi Mayamaya, ambako askari aliuliza
tumebeba watoto au sanamu.

Kwanza tulipanda Kolo, kwenye michoro.
Watu wekundu, wembamba kama mabua ya mtama.
Loi akasema, "Hawa hawajala,"
akawaonyesha chapati yake.
Dorika alicheka mpaka akakaa chini.
Mimi nilikuwa natazama rangi tu.
Ya dukani niliyopaka kwetu
ilibanduka masika ya pili.

Mchana tukateremka korongoni.
Zamda, anayeongoza wageni, kandambili miguuni,
alifagia jiwe kwa kijitawi.
"Wengine husema mnyama," akasema,
"wengine husema mvua imechimba tu.
Wataalamu walisema watarudi."
Akamimina maji ya chupa, kidogo kidogo, ya kunywa yale,
na unyayo ukafumbuka:
vidole vitatu,
kisigino kimezama,
tope limevimba ukingoni.

Mvua gani hiyo inayovimbisha ukingo?
Nikapiga goti. Hapa sihitaji mtaalamu.
Alikuwa mzito. Hakuwa na haraka.
Hatua ya tatu aligeuka kidogo kushoto,
labda aliitwa.
Angechelewa, tope lingemkataa;
angewahi, lingejifuta lenyewe.
Kati ya hapo kuna kijisaa
ambacho mimi hukilinda kwa fimbo
maisha yangu yote.

Hagai akavua kiatu, akaweka mguu wake mle.
Ukapotea kama punje kinuni.
Akaniangalia.
"Baba, huyu naye alichapwa?"

Zamda akacheka. Dorika hakucheka.
Yeye anaikumbuka sebule ya mteja kule Kisasa,
mwaka jana, hatua nne ndogo toka mlangoni
zikinijia mimi, mkononi ana chai yangu.
Nilimchapa. Kisha nikasawazisha,
vizuri sana, hadi mteja akasifu.

Nikamwambia avae kiatu, jua kali.

Njiani tulinunua tikiti, tukalipasua kwa goti.
Loi alitema mbegu hadi Zanka,
akizihesabu, akikosea, akianza upya.
Mlima ukawa nyuma yetu, kisha haukuwapo.
Hakuna aliyetaja dinosaria.

Jumatatu nimemwaga kizingiti cha nyumba yetu,
kile ninachokiahidi tangu Loi hajazaliwa.
Mchanga wa mtoni, kokoto ndogo, maji ya kutosha.
Nimepitisha mwiko mara ya mwisho
hadi pamekuwa kioo.
Kisha nikamwita Hagai:
njoo, kanyaga.

Alisimama kule kwenye mchanga,
mikono nyuma, kama nilivyomfundisha.
"Bado mbichi, baba," akasema.

Nikaweka mwiko chini.
Jua lilikuwa linapanda, na saruji haingoji mtu.
Nikavua viatu vyangu.